Shamba la bwasa na siasa ya vijana wetu



Hapa Katana, kama katika makanisa mengi ya Kivu Kusini, mazungumzo ya vijana baada ya ibada yana uzito mpya. Wanauliza ardhi hii iligawanywa na nani, na kwa haki gani. Wanauliza kwa nini mgonjwa maskini azuiliwe hospitalini mpaka ndugu zake walipe, na kwa nini dhahabu ya milima yetu inajenga nyumba za watu walio mbali. Tangu Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu na mji wa Bukavu vilipoangukia mikononi mwa M23 na benki zikafunga milango, maswali hayo yamekuwa makali zaidi.

Wazee wengine wanashtuka: "Watoto hawa wamekuwa wakomunisti!" Tunaelewa hofu yao. Wanakumbuka mwaka 1964, waasi wa Simba walipotumia maneno ya usawa huku wakiua wamisionari, walimu na makarani. Lakini hofu haitatusaidia kuwachunga vijana hawa. Kwanza tuelewe wamefikaje hapo walipo.

Tukisema mrengo wa kushoto, tunamaanisha msimamo wa kisiasa unaoona kwamba umaskini hautokani na uvivu au bahati mbaya tu, bali pia na jinsi mali inavyogawanywa, na kwamba jamii na Serikali zina wajibu wa kurekebisha mgawanyo huo. Vijana wetu hawakuupata msimamo huo kwa Karl Marx. Wengi hawajasoma hata ukurasa wake mmoja. Wameupata nyumbani.

Tuchukue mfano wa shamba. Katika desturi ya Bushi, aliyepata kalinzi alimpa mwami au mkubwa wa eneo ng'ombe, naye akapata haki ya kulima na kuwarithisha watoto wake. Mwenye bwasa hulipa kwa muda tu, naye hana ruhusa ya kupanda mgomba, kwa maana mgomba ni alama ya mtu anayekaa. Hulima maharagwe, huvuna, kisha hungoja kujua kama mwakani ataruhusiwa tena. Wakati wa ukoloni, Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawa ardhi kubwa kwa masetla. Mashamba ya kahawa, chai na kinini yakaenea, na familia nyingi zikabaki na vipande vidogo au na bwasa peke yake. Mtoto wa kalinzi na mtoto wa bwasa wanaweza kukaa benchi moja kanisani na kuimba wimbo mmoja, lakini neno "haki" likitajwa kila mmoja analisikia kwa namna yake. Kijana aliyeona mama yake anaondolewa shambani kabla ya mavuno hahitaji kufundishwa siasa. Anatafuta tu jina la kile alichokiona.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Patrice Lumumba. Alizaliwa Onalua mwaka 1925, akapita katika shule za misheni, pamoja na ile ya Wamethodisti, kisha akawa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo. Wakati huo hakuwa mpinzani wa Wabelgiji. Katika kitabu alichoandika mwaka 1956 bado alitumaini ushirikiano kati ya Ubelgiji na Kongo. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la fedha za posta, akafungwa. Baada ya kutoka, alikwenda Leopoldville, na mwaka 1958 akashiriki kuanzisha chama cha MNC na kuhudhuria mkutano wa mataifa ya Afrika huko Accra. Kufika tarehe 30 Juni 1960, alisimama mbele ya mfalme Baudouin akahesabu mambo ambayo kila Mkongomani aliyajua: matusi, mapigo, mishahara isiyotosha, ardhi iliyochukuliwa, sheria isiyo sawa kwa mweusi na mweupe. Nguvu ya hotuba ile ilitoka katika mambo yaliyoishiwa. Lumumba alikana mara nyingi kuwa mkomunisti. Waliomwita hivyo walijiepusha kujibu malalamiko yake.

Hata hivyo, kidonda kinamwambia mtu kwamba anaumwa. Hakimwambii dawa ni ipi. Hapo ndipo tunapaswa kuwaonya vijana wetu kwa upendo. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha haki za ardhi kwa Serikali, na sheria ya mwaka 1973 ikatangaza kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mobutu akanyang'anya biashara na mashamba ya wageni akawapa Wazaire. Kwa masikio, hayo ni maneno ya kushoto kabisa. Katika matendo, waliojua njia ya ofisini walipata karatasi, na mwenye kalinzi ambaye baba yake alitoa ng'ombe alikuta haki yake haina hati. Mali ilihama kutoka mkono mmoja mkubwa kwenda mkono mwingine mkubwa.

Wala bunduki haikuponya. Che Guevara alikuja milimani Fizi mwaka 1965 kuwasaidia waasi. Aliondoka mwezi wa Novemba, na baadaye akaandika kwa uchungu juu ya viongozi waliokaa mbali na wapiganaji wao. Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha PRP mwaka 1967, akaingia Kinshasa miaka 30 baadaye. Mkulima wa bwasa bado ni mkulima wa bwasa. Leo kila kundi lenye silaha linakuja kwa vijana wetu na kusema, "Tunajua mlivyoumizwa." Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli, na njia wanayoonyesha ikawa ya kaburi.

Basi tupime vipi? Neno la Mungu halinyamazi juu ya mali. Walawi 25 inaweka mwaka wa kurudisha ardhi. Katika 1 Wafalme 21, Eliya anamkabili Ahabu kwa sababu ya shamba la mtu mmoja, Nabothi. Yakobo 5 inasema mshahara uliozuiliwa unamlilia Mungu. Mwenye kuuliza habari za ardhi hajatoka nje ya Biblia. Lakini Kutoka 23:9 inaongeza kipimo: Israeli wanakatazwa kumwonea mgeni, kwa kuwa wao wenyewe waliishi ugenini Misri na wanaijua hali hiyo. Kumbukumbu ya maumivu inapaswa kutufungua macho tuone maumivu ya mwingine, hata wa kabila lingine. Siasa inayolilia jeraha la kwetu tu na kucheka la jirani, iwe ya kushoto au ya kulia, imeshindwa kipimo hicho.

Tunaye mfano karibu. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, alianza kwa kutibu. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wake wakauawa. Alifungua Panzi mwaka 1999, na hatua kwa hatua akaona kwamba kushona majeraha bila kudai haki ni kazi isiyokwisha. Hatumpangi katika mrengo wowote. Tunaona tu kwamba uchungu wake ulizaa huduma kwa wengine.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji na wazee wa makanisa mambo matatu. Wapeni vijana saa moja kwa mwezi ya kueleza waliyoyaona, bila kuwapachika majina. Wasaidieni wakulima kuandika mikataba ya bwasa mbele ya mashahidi, ili asiyejua kusoma asifukuzwe kabla ya kuvuna. Na pale kanisa lenyewe lina shamba au vibarua, walipwe kwa wakati, kabla hatujahubiri Yakobo 5 kwa wengine.

Bwana awalinde wote wanaolala njaa na hofu usiku huu, na awape vijana wetu macho ya kuona na moyo wa kuhurumia.