Kikohozi Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa shilingi na ng'ombe huhesabiwa, sembuse pumzi ya mtoto? Walakini, mwanafunzi akikosa masomo kwa sababu ya kifua, mara nyingi sajili ya darasa huonyesha tu kwamba hakuwapo. Kilichomzuia hakiandikwi. Nashikilia kwamba pengo hilo si dogo.

Wapo watakaouliza: kuandika kikohozi kutamponya nani? Jibu liko Kilifi. Huko, tangu mwaka wa 2000, watafiti wa KEMRI na wenzao wamekuwa wakisajili wakazi nyumba kwa nyumba, na majina ya wanaolazwa hospitalini hulinganishwa na sajili hiyo. Kenya ilipoanza kutoa chanjo dhidi ya nyumokokasi, bakteria wanaosababisha nimonia, mwaka wa 2011, daftari lilikuwa tayari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba, miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, maambukizi makali ya aina za bakteria zinazolengwa na chanjo hiyo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 92. Hata wasiochanjwa walinufaika. Pasingekuwapo hesabu ya miaka iliyotangulia chanjo, tungebaki tukibahatisha.

Pasipo hesabu, maradhi hujificha. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulifichua kwamba takriban asilimia 40 ya wagonjwa wa kifua kikuu nchini hawakuwa wamegunduliwa. Hao hawakuwa wakiishi msituni. Walikuwa nasi sokoni, matatuni na majumbani wanakotoka wanafunzi wetu.

Najua mwalimu ana mzigo mzito tayari. Simtaki awe daktari. Namwomba aandike neno moja tu kando ya jina: kikohozi, homa au jambo jingine. Wengi wa darasa moja wakiugua kwa pamoja, au kikohozi cha mmoja kisipokoma, zahanati ijulishwe. Hayo yatendeke kwa staha, asije mtoto akatengwa na wenzake. Nanyi wanafunzi, msione haya kusema, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Serikali za kaunti, ambazo ndizo zinazosimamia zahanati tangu 2013, nazo zimteue mtu wa kupokea taarifa hizo na kuzifuatilia. Mwalimu akiandika na asiwepo wa kusoma, kazi yake itakuwa sawa na kutwanga maji kinuni.