Besi Isiyameze Maneno ya Kwaya

Kwaya za makanisa katika wilaya za Ngara na Biharamulo zimepiga hatua kubwa. Mahali palipokuwa na ngoma, kayamba na sauti za waimbaji peke yake, leo pana magitaa, kinanda cha umeme, dramu, na gitaa la besi lenye amplifaya yake. Vyombo hivi havikuokotwa njiani. Vimenunuliwa kwa michango ya wakulima wa kahawa, ndizi na maharage, na ari hiyo inastahili pongezi za kila mpenda maendeleo.

Tunalolilalamikia ni jambo moja. Katika makanisa mengi besi imegeuka mtawala. Inakoroma, inapasuka, mabati yanatetemeka, na mwananchi aliyetembea saa nzima kuja kusikiliza neno anarudi nyumbani bila kujua kwaya iliimba nini. Wimbo uliotungwa kwa uangalifu na kufanyiwa mazoezi majuma kadhaa unamezwa na mtu mmoja mwenye nyuzi nne.

Hata hivyo ni makosa kumtupia kijana huyo lawama zote. Kwa kawaida mambo huanzia kwenye dramu. Mpiga dramu hupiga kwa nguvu zake zote ndani ya jengo la matofali na mabati, lisilo na dari wala pazia la kunyonya sauti. Mpiga gitaa hajisikii, anapandisha. Mwenye kinanda naye anapandisha. Kwaya inaomba vipaza sauti vipandishwe, navyo vinapiga mluzi. Besi inapandishwa mwisho, kwa sababu sikio la binadamu limeumbwa zito kwa sauti nene, nayo hudai nguvu nyingi kuliko nyingine ndipo isikike sawa nazo. Kila mmoja ana haki yake, na jumla yake ni vurugu. Sisi tuliokaa katika vikao vingi tunaufahamu utaratibu wa namna hii.

Dawa inayopendekezwa mara moja ni kuchanga fedha za amplifaya kubwa zaidi. Hapa wananchi watahadhari. Kutoka wati 100 kwenda wati 200 huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo mzee aliyekaa benchi la nyuma ataitambua kwa shida. Ili besi isikike maradufu zinatakiwa wati zipatazo 1,000. Hizo ni mbuzi wengi wa harambee, na tatizo litabaki palepale ikiwa hakuna anayejua kwa nini ile ya kwanza ilikuwa ikikoroma.

Ilikuwa ikikoroma kwa sababu ilifungwa lumbesa. Kila amplifaya ina dari yake, inayowekwa na umeme unaoilisha. Sauti ikisukumwa kupita dari hiyo, vichwa vya mawimbi hukatwa vikawa bapa, na kinachotoka ni mkwaruzo ambao mpigaji hakuupiga. Taa nyekundu iliyo karibu na vitufe huwaka kutoa onyo, na katika makanisa yetu wengi huichukulia kama pambo. Spika huunguza koili au kuchanika karatasi, hasa ikiwa ni spika ndogo iliyotengenezwa kwa gitaa la kawaida, kwa kuwa uzi mnene wa besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde na kuisukuma karatasi mbele na nyuma kwa mwendo mrefu usioistahimili.

Kuna pia suala la umeme wenyewe. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 ambazo Tanzania inagawana na Rwanda na Burundi, hupita katika wilaya hizi hadi Nyakanazi, lakini kupita kwa nguzo kubwa si kufika kwa waya katika kila kigango. Vigango vingi bado hutegemea jenereta dogo. Jenereta likilemewa, volti hushuka, na katika amplifaya nyingi dari niliyoitaja hushuka pamoja nazo. Fundi hushangaa mtambo uliosikika safi dukani ukikoroma kijijini kwa kitufe kilekile.

Yapo mambo ambayo kwaya inaweza kuyafanya Jumapili ijayo bila senti moja. Amplifaya ya besi iondolewe pembeni mwa ukuta, kwa maana pembe huivimbisha sauti nene hata ikafunika jengo zima. Iinuliwe juu ya kiti, ielekezwe kwenye sikio la mpigaji. Ikiwa sakafuni humwimbia magoti, naye hupandisha kwa kudhani haitoi sauti. Kitufe cha sauti nene kipunguzwe, cha sauti ya kati kiongezwe kidogo, maana noti ya besi hutambulikana kwa sehemu yake ya kati, na ule unene wa chini ndio unaokwenda kutikisa mabati. Kitufe cha kwanza, kinachopokea sauti kutoka kwenye gitaa, kirudishwe nyuma mpaka taa nyekundu izimike hata mpigaji anapopiga kwa nguvu. Na mpiga dramu aanze yeye kushuka. Asiposhuka yeye, mengine yote ni kazi bure.

Juu ya hayo, awekwe mtu mmoja katikati ya kanisa, mwenye sikio na mwenye mamlaka, ambaye akiinua mkono besi inateremka bila mjadala. Asiwe mpigaji wa chombo chochote. Mtu huyo akumbuke kwamba mazoezi ya Jumamosi katika jengo tupu hayafanani na ibada ya Jumapili. Watu na nguo zao hunyonya sauti nyembamba zaidi kuliko sauti nene. Jengo likijaa, waimbaji hufifia na besi husalia karibu ileile. Chuoni tulikosomea Kurani mwalimu hakumsifu mwanafunzi kwa ukubwa wa sauti. Alimsifu kwa kuipa kila herufi haki yake. Sioni kwa nini mwalimu wa kwaya adai pungufu ya hapo.

Lililo zito kuliko yote ni masikio ya watoto. Wataalamu wa afya huhesabu kwamba sikio huvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo hukatwa nusu. Zikifika 100 umebaki dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15 kuwa kikomo cha kumbi za muziki. Ibada zetu huchukua saa nyingi, na watoto wa shule ya Jumapili huketishwa sakafuni, mbele kabisa, usoni pa spika. Chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Wapo pia majirani. Wamisionari walikuwa na desturi ya kuliweka kanisa karibu na hospitali yake, kama inavyoonekana Murgwanza na Rulenge, na mgonjwa hawezi kuihama wodi. Ndugu zetu wa visiwani, Bumbire na Goziba, wanaijua adha nyingine: usiku hewa iliyo juu ya maji ikipoa, sauti hupindishwa kurudi chini na kwenda mbali, na mkesha wa mwalo mmoja hulaliwa macho na mwalo wa pili.

Serikali inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Zinahusu makanisa, misikiti, baa, na pia magari ya matangazo ya mikutano yetu ya hadhara, ambayo kwa kweli hayana la kuwafundisha wanakwaya. Lakini ofisa anayefika na barua ya faini, bila kipimo mkononi, huondoka ameacha chuki. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zinunue kipima desibeli kimoja kimoja, na maofisa utamaduni wawaite mafundi mitambo na wapiga besi wa madhehebu yote kwa mafunzo ya siku mbili, kabla ya msimu wa Krismasi, wakiwa na amplifaya zao wenyewe.