Chogo Limeondoka, Ubishi Umeenda Wapi?

Ukitaja televisheni hapa chuoni watu wanacheka. Nani anaangalia TV siku hizi na kila mtu ana simu mkononi? Mimi nasema hilo ni swali la mtu mwenye bando.

Wenzetu wa mwaka wa kwanza wanadhani TV ilikuwepo tangu enzi na enzi. Zanzibar walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa rangi. Huku Bara tukasubiri miaka kama 20 mingine. Serikali haikuona ni jambo la kukimbilia, redio ilitosha. Mwaka 1994 ndipo vituo binafsi kama CTN, DTV na ITV vikaingia sebuleni, na televisheni ya taifa, TVT, ikaja nyuma yao. Yaani kwetu Bara TV ililetwa na wafanyabiashara kwanza. Tusilisahau hilo tunapouliza kwa nini kila kitu leo ni kifurushi.

Seti yenyewe ilikuwa chogo, zito, limekaa kwenye kabati kama mgeni rasmi na kitambaa cha kufuma juu yake. Antena ilifungwa kwenye mti mrefu. Picha ikiingia chenga, mtoto anatumwa nje kuuzungusha huku wa ndani wanapiga kelele: "Hapo hapo, acha!" Asiyekuwa na TV alichungulia dirishani kwa jirani, na mara nyingine alifukuzwa. Kwa hiyo tusilisifie mno. Ila waliokaa mbele yake saa mbili usiku walisikia taarifa ya habari ileile, na kesho yake kijiweni walibishana kuhusu jambo lilelile.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam. Chogo halikufa siku hiyo, lilipona kwa king'amuzi. Kilichobadilika ni kwamba ukiwa na seti bila king'amuzi una pambo la sebuleni tu. Kisha bapa zikashuka bei, na sasa geto la Msewe au Sinza lina inchi 32 ukutani lakini mwenyewe hana hela ya kifurushi. Siku ya Simba na Yanga anaenda kibanda umiza, analipa, anabanana kwenye benchi. Na pale, jamani, ndipo pekee watu wasiofahamiana bado wanaangalia kitu kimoja na kugombana hadharani.

Mpira umepata kibanda. Bunge je? Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote mubashara, sababu ikatajwa kuwa gharama. Wapinzani walipiga kelele, waandishi walipiga kelele, wananchi wengi wakazoea. Leo utaniambia vikao viko YouTube. Sawa, lakini nani anakaa saa tatu na bando la siku kusikiliza bajeti ya Wizara ya Elimu? Tunaletewa kipande cha sekunde 40, mbunge anachekesha, tunasambaza kwenye magrupu, basi. Halafu boom likichelewa tunashangaa, wakati fungu la mikopo lilijadiliwa tukiwa tumeinamia simu, kila mtu na lake.

Kuna hosteli ninayoifahamu ambayo TV ya ukumbini iliharibika na hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo linanitisha kuliko ubovu wenyewe.

Ninachoomba serikali yetu ya wanafunzi si kikubwa: TV moja nzima kwenye ukumbi wa kila hosteli, king'amuzi kikiwa kimelipiwa, na wiki za Bunge la Bajeti ratiba ibandikwe mlangoni tujue wizara gani inasomwa lini. Gharama yake ni ndogo kuliko tamasha moja la kukaribisha wageni. Rimoti ikae kwa mwakilishi wa hosteli, la sivyo Mei yote tutaangalia tamthilia za Kituruki.