Okidi ya Mlimani na Joto la Sebule



Kila mwezi wa Desemba watoto wetu waishio mijini hupanda huku Kilimanjaro kula sikukuu pamoja na wazee wao, na kila Januari hushuka wakiwa wamebeba ndizi, mbege ya kuwaonjesha majirani, na siku hizi maua pia. Nasema juu ya okidi, yale maua meupe yanayoning'inia kwenye matawi ya miti ya msituni, ambayo hubanduliwa, hufungwa katika gazeti na kupelekwa kupamba sebule za Dar es Salaam. Juma hili napenda niseme wazi kwamba desturi hii changa siiungi mkono.

Nichukue mfano wa okidi ambayo wataalamu huiita Aerangis thomsonii. Hustawi katika misitu ya milimani ya Ethiopia, Uganda, Kenya na Tanzania, takribani kati ya mita 1,600 na 2,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo ukungu hushuka karibu kila siku. Ua lake jeupe lina mrija mwembamba nyuma yake, mrefu hata kufikia sentimita 15, wenye asali chini kabisa. Mchana halinukii sana. Usiku hutoa harufu tamu ya kuwaita nondo wenye ulimi mrefu wa kuifikia asali hiyo. Wapo wanaodhani kwamba mmea huu ni mnyonyaji wa mti. Sivyo. Haunyonyi chochote, umepanga tu. Mizizi yake imevikwa gamba jeupe kama sifongo, nayo hunywa maji ya mvua na ukungu moja kwa moja kutoka hewani.

Mmea wa namna hiyo unahitaji usiku wa baridi kuliko unavyohitaji mbolea. Mchana hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na usiku hutumia sehemu ya akiba hiyo kwa kupumua. Usiku ukiwa wa nyuzijoto 12 au 14, matumizi ni madogo na akiba hubaki. Usiku wa Februari huko Dar es Salaam mara nyingi hauna chini ya nyuzijoto 24, na hapo mmea hula akiba yake yote, siku baada ya siku, hadi unadhoofu. Feni haisaidii, kwa kuwa hukausha mizizi bila kuipoza hewa. Mwenye mmea, kwa huruma, huongeza maji, na mizizi huoza.

Waingereza waliyapitia haya zamani. Katika karne ya 19 matajiri wao waliagiza okidi kwa maelfu kutoka milima ya Amerika, wakazifungia katika nyumba za vioo zenye joto kali, kwa kuwa walidhani kila kitokacho nchi za tropiki hupenda kuchemka. Nyingi zilikufa. Katika miaka ya 1860 watu kama James Bateman walisisitiza kwamba okidi za milimani zilelewe katika ubaridi na hewa inayotembea, na hapo ndipo zilipoanza kustawi. Lakini misitu ilikwisha kuvuliwa nguo.

Na msitu haurudishi haraka kilichochukuliwa. Tunda moja la okidi laweza kuwa na mbegu laki kadhaa, laini kama vumbi, lakini hazina chakula ndani yake. Porini mbegu huota tu ikikutana na kuvu inayoilisha, jambo alilolitambua Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922 Lewis Knudson, wa Marekani, alionyesha kwamba mbegu zaweza kuota katika chupa yenye sukari na madini, bila kuvu. Kwa hiyo leo zipo okidi zilizozaliwa chupani, na hakuna sababu ya kuubandua msitu. Tena msitu wetu uliingizwa wote katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Kubandua humo ni kosa, hata kama ua lenyewe linapelekwa altareni.

Je, tusizipande kamwe? Tuzipande, lakini mahali zinapoweza kuishi. Sisi wenye vihamba vya juu tumebarikiwa kuwa na miringaringa na miruka inayotia kahawa kivuli. Okidi yenye asili ya kitaluni ifungwe kwa kamba laini kwenye shina, upande usiopigwa na jua la mchana, na ukungu utaifanyia kazi iliyobaki. Wakati wa kiangazi inyunyiziwe maji ya mvua asubuhi. Tawi la kihambani likianguka na okidi yake, ihamishiwe mti wa jirani kabla haijaoza chini. Waishio Dar es Salaam na Tanga watafute kitaluni Ansellia africana, yenye madoa kama chui, ambayo ni ya nchi za joto na italiheshimu jua lao.

Na ukiuziwa okidi barabarani, itazame mizizi yake. Ile ya kitaluni huwa na majani yanayolingana na mizizi iliyoshika chungu au ubao wake. Ile ya msituni huja na mizizi iliyokatika, ikiwa bado imeng'ang'ania vipande vya gome. Muuzaji akikuapia kwamba tawi lilianguka lenyewe, mwombe akupeleke ukalione.