Asiyepona Naye Ana Haki ya Nafuu

Kuna dhana iliyojikita miongoni mwetu kwamba tiba isiyoponya ni fedha zilizotupwa. Jamaa wakiarifiwa kuwa saratani ya mgonjwa wao haiponyeki, huulizana: miale ya nini tena? Swali hilo laeleweka, hasa kwa waliokwisha kuuza shamba na ng'ombe. Hata hivyo, limejengwa juu ya msingi mbovu.

Tutwae mfano wa limfoma ya utumbo ya seli za T, maradhi adimu ambayo aghalabu huwapata watu ambao utumbo wao hudhuriwa na ngano. Hutibiwa kwa upasuaji na dawa, lakini mara nyingi hurejea, na wengi hawaponi. Uvimbe huweza kuziba utumbo, kuvuja damu na kuleta maumivu yasiyosemeka. Hapo ndipo miale huweza kupewa kazi nyingine: kuufanya uvimbe unywee, kupunguza damu na kumrudishia mgonjwa usingizi. Hiyo ndiyo tiba shufaa.

Hatusemi kwamba haina madhara. Utumbo ni kiungo laini. Miale huweza kuleta kichefuchefu na kuhara, na ukuta uliokwisha kuliwa na uvimbe huweza kutoboka. Ndiyo maana uamuzi wahitaji daktari bingwa, na mgonjwa aliyeelezwa ukweli wote.

Wapo wanaodai kuwa wasiopona huwazibia njia wanaoweza kupona. Hawajapiga hesabu. Miale ya kuponya mara nyingi huchukua wiki kadhaa. Ya kutuliza huwa fupi. Kwa saratani iliyoenea mifupani, utafiti umethibitisha kuwa kipimo kimoja cha grei 8, kinachotolewa siku moja tu, hutuliza maumivu sawa na vipimo vingi vya siku mbalimbali.

Itakumbukwa kwamba kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kenyatta ndiyo pekee ya umma iliyotoa tiba ya miale nchini. Tangu hapo vituo vimefunguliwa Mombasa, Nakuru na Garissa. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, lakini mgonjwa wa Lodwar au Mandera bado yuko mamia ya kilomita kutoka kwenye mashine. Kwake yeye, tofauti ya siku moja na wiki mbili ndiyo tofauti ya kutibiwa na kubaki nyumbani akiugulia.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Hakikuwatenga wasiotarajiwa kupona. Serikali haina budi kuhakikisha kwamba bima ya afya na foleni za hospitali zinamtambua mgonjwa huyu. Nao jamaa, badala ya kuuliza "atapona?" pekee, wamuulize daktari: atapata nafuu gani, kwa muda gani, na kwa taabu gani?