Kutembea Bila Mzigo Kichwani

Mwezi huu tuzungumze juu ya miguu yetu.

Huko Ulaya watu hufunga safari kwenda milimani kwa ajili ya kutembea tu. Uswisi peke yake ina njia za miguu zenye urefu wa zaidi ya kilomita 60,000, na vibao vya manjano vya kumwelekeza mgeni. Iko njia nyingine inayouzunguka mlima Mont Blanc, kilomita zipatazo 170, ikipita Ufaransa, Italia na Uswisi. Wengi huimaliza kwa siku kumi hivi, wakitembea polepole, wakila na kulala njiani. Hawaendi sokoni wala kisimani. Wanatembea ili waone, wapumue na wapumzike.

Tunaposimulia habari hizi kwa akina mama wenzetu hapa Mnyambe, wengi hucheka. "Kutembea ni kazi, dada nesi, tangu lini kukawa starehe?" Nao wana haki ya kucheka. Uwanda wetu wa Makonde hupata mvua, lakini mchanga huyameza maji, na huku juu hakuna mto. Chemchemi ziko chini bondeni. Bibi zetu waliteremka ukingo wa uwanda alfajiri na kuupanda tena jua likiwa kali, mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Mtaalamu Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika juu ya shida hiyo ya maji. Mradi wa maji ya bomba ulianza miaka ya 1950, na kuanzia miaka ya 1970 Finland ilisaidia sana. Hata hivyo kila mama anajua kwamba bomba likikauka, ndoo hurudi kichwani.

Mama wa namna mbili

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima autumikishe mwili kwa dakika 150 au zaidi kila wiki, kwa mfano kwa kutembea haraka. Mama anayechota maji na kulima amezipita dakika hizo zamani. Huyu tusimwongezee mazoezi. Anachokosa ni pumziko, na shingo yake inahitaji siku isiyo na ndoo.

Lakini yuko mama wa pili, naye anaongezeka miongoni mwetu. Anakaa dukani au kwenye cherehani kutwa, na kwenda kanisani anapanda bodaboda. Akifika miaka arobaini, tunampima na kukuta shinikizo la damu limepanda, au sukari. Mara nyingi hakuumwa chochote, hivyo hakujua. Huyu anahitaji kutembea kama dawa.

Wote wawili wanaweza kwenda safari moja, siku moja, bila mzigo.

Twende wapi?

Hatuhitaji kwenda Ulaya. Ukingo wa uwanda wetu upande wa Newala una mandhari ambayo wageni huisafiria kutoka mbali. Pale Newala mjini pana Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafula na bonde la Ruvuma linatandazwa chini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Watoto wetu wengi hulisikia jina hilo, lakini hawajawahi kusimama pale.

Wenye nafasi waende Masasi, wakaone milima ya mawe iliyochomoza peke yake katika tambarare. Chini ya mlima Mtandi ilianza misheni mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere alipofika kwa miguu kutoka Lindi pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia yao ilikuwa kusogea hadi Ziwa Nyasa, lakini walipoiona nchi ile wakakaa. Mtoto akiambiwa hayo akiwa amesimama mahali penyewe, hasahau.

Tujiandae namna hii

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, kunapokuwa na baridi kidogo. Tuondoke mapema na kupumzika jua likiwa la utosi. Lakini huo pia ni wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kazi inayofanyika asubuhi. Basi tusikatize mashamba yanayopulizwa, hasa tukiwa na mwenye pumu.

Kila mtu achukue maji yaliyochemshwa. Chakula kiwe chepesi: mihogo au ming'oko ya kuchemsha, na korosho za kukaanga.

Viatu viwe vilivyozoeleka. Viatu vipya huleta malengelenge. Lengelenge lisitumbuliwe, lifunikwe kwa kitambaa safi. Mwenye kisukari akague nyayo zake akirudi, kwa sababu huweza kujeruhiwa asihisi.

Kuteremka huumiza magoti kuliko kupanda. Tushike fimbo na kwenda hatua fupi. Mwendo mzuri ni ule unaoweza kuongea huku unatembea. Anayebanwa kifua, kuona kizunguzungu au kukosa pumzi akae chini, apelekwe hospitali. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake siku hiyo. Mjamzito aulize kwanza kliniki.

Akiumwa mtu na nyoka, tusichanje wala kufunga kamba. Tumtulize, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja.

Pembezoni pa mteremko watoto washikwe mkono, na tusiende kuoga Ruvuma, kwani mna mamba.

Neno kwa akina baba

Safari hii haitawezekana iwapo mama ataondoka huku mapipa ni makavu na mboga haijachumwa. Atatembea na mzigo moyoni, na jioni ataanza kazi ya siku nzima. Kwa hiyo tunawaomba akina baba na vijana wa kiume: siku hiyo chukueni baiskeli na madumu mkateke maji, na chungu kiwe jikoni mama akirudi. Kijana aliyebeba ndoo mara moja atajua uzito wake.

Akina mama, tusingoje tuugue ndipo tuambiwe tupumzike. Tuchague Jumamosi moja, tukubaliane na majirani wawili watatu, twende polepole. Aliye mzito wa mwendo atangulie mbele, wengine tumfuate, ili tufike wote.