Kasongo na Kabambare: Weusi wa kioo cha gari si ufundi

Wenye magari wa Kasongo na Kabambare wasipime kazi ya fundi wa vioo kwa weusi peke yake.

Kwanza, kioo kipimwe kutoka ndani, usiku. Dereva aketi kwenye usukani, atazame pembeni. Asipomwona mama anayetoka shambani au motari asiye na taa, kazi hiyo ni mbaya, hata iking'aa namna gani. Kioo cha mbele kisibandikwe kitu.

Pili, vumbi. Barabara za huku ni za udongo. Fundi anayebandika plastiki chini ya mwembe hufungia mchanga ndani, na vidoti vyake havitoki tena. Kazi ifanyike nyumbani, milango imefungwa, sakafu imenyunyiziwa maji. Mapovu madogo ya maji hukauka baada ya siku chache. Mapovu ya hewa na kingo zinazobanduka hubaki. Plastiki ya bei ya chini hugeuka zambarau kwa jua.

Tatu, bariere. Askari asiyeona ndani ya gari huingiwa na wasiwasi, na abiria ndio wanaoulipia. Katika eneo lililozoea milio ya silaha, kioo kinachoonyesha nyuso za watu ni ulinzi. Fundi mzuri amwambie mteja hivyo kabla ya kupokea franka zake.